Shahidi Asiyeuliza

Kupima programu kuna njia mbili, na tangu nilipoingia katika kazi hii nimewaona watu wakiisifu ya kwanza na kuisahau ya pili. Njia ya kwanza ni ya kuchokoza: mpimaji huipa programu swali alilolitunga mwenyewe, akangojea jawabu, akalilinganisha na lile alilolitarajia, na yakilingana huandika kwamba programu imefaulu. Njia ya pili ni ya kutazama: mpimaji haulizi neno lolote, ila hukaa kando ya mahali mazungumzo yanapopita, akawasikiliza watu wa kweli na mashine za kweli wakisemezana katika shughuli zao za kila siku, na kila alisikialo akalipima kwa kaida alizokwisha kuziandika. Njia hii ya pili aghalabu hudhaniwa kuwa ya wavivu, au ya wale walionyimwa ruhusa ya kuigusa mashine, na ni kweli kwamba wengi wetu tuliifikia kwa kunyimwa ruhusa. Lakini maadamu nimeitumia miaka mingi, na nimeiona ikifichua makosa ambayo uchokozi usingeyafichua hata kwa mwaka mzima, nataka niieleze kama nilivyoijua, hasa pale inapokutana na jambo lililo gumu kuliko yote katika mifumo yetu, nalo ni wakati.

Nilikuwa Mombasa katika miaka ya mwisho ya setilaiti. Vijana waliokulia katika zama za mikonga ya baharini pengine hawajui kwamba kabla ya mwaka 2009 karibu kila neno la intaneti lililotoka pwani yetu kwenda ng'ambo lilipanda mbinguni kwanza. Setilaiti za mawasiliano tulizozitumia zilikaa juu ya ikweta kwa kimo cha kilomita 35,786, na ombi lililotoka Mombasa kwenda Ulaya lilipaswa kukipanda kimo hicho na kukishuka, kisha jawabu lake likapanda na kushuka vilevile. Safari nne za namna hiyo, kwa mwendo wa nuru ambao haupitwi na kitu, hula karibu nusu sekunde kabla mashine yoyote haijafanya kazi yake wala foleni yoyote haijajipanga. Nusu sekunde si kitu kwa mtu anayengoja barua ya ndugu yake, lakini kwa mashine ni umri.

Kampuni niliyoitumikia ilikuwa ndogo, na ofisi yake ilikuwa ghorofani, si mbali na zile pembe za Moi Avenue. Biashara yake ilikuwa kupeleka simu kwa njia ya intaneti: mtu aliingia katika kibanda cha sibakafe, akapiga namba ya Maskati, Dubai au London, na seva yetu ikazungumza na seva za mshirika wetu wa Ulaya kwa itifaki iitwayo SIP, naye mshirika akaifikisha simu katika mtandao wa kawaida wa nchi iliyotakiwa. Itifaki hiyo, ambayo maandishi yake makuu ni waraka uitwao RFC 3261 wa mwaka 2002, imejaa masharti ya wakati kuliko mkataba wowote niliowahi kuusoma. Anayepiga simu hupeleka mwito uitwao INVITE. Asipopata jawabu kwa muda wa nusu sekunde huupeleka tena, kisha hungoja sekunde nzima, kisha mbili, kisha nne, akizidisha maradufu kila mara, hata zitimie sekunde 32, ndipo akate tamaa. Aliyepokea mwito naye, akijua kwamba jawabu la maana litachelewa kupita sehemu ya tano ya sekunde, sharti apeleke haraka jawabu dogo lenye namba 100, ambalo maana yake ni kwamba amesikia na anashughulika, ili mwenziwe aache kurudia.

Ile nusu sekunde ya kwanza ina jina lake, T1, nayo imewekwa iwe kadirio la muda wa kwenda na kurudi. Waandishi wa waraka hawakuwa watu wa kughafilika: wameruhusu, tena wamependekeza, T1 iongezwe pale inapojulikana mapema kwamba njia ni ndefu. Lakini mashine huuzwa ikiwa na nusu sekunde yake ndani, na mnunuzi huisoma bei kabla ya kuusoma waraka.

Malalamiko yalianza kidogo kidogo, kama yaanzavyo malalamiko yote, na kwa muda mrefu yalijibiwa kwa neno moja, kwamba simu imejaribiwa na ni nzima. Fundi mkuu wetu alikuwa mtu mwaminifu na mwenye bidii. Kila asubuhi kabla ya milango ya sibakafe kufunguliwa alipiga simu za majaribio katika nchi zote tulizozihudumia, akaandika matokeo katika daftari kwa hati nzuri. Siku moja akapanda ngazi zetu bibi mmoja wa Kibokoni, mwenye buibui na sauti isiyozoea kubishiwa, akaomba kumwona mwenye simu.

"Shikamoo, bi mkubwa," akasema fundi mkuu.

"Marahaba, mwanangu. Simu yenu hii ina husuda. Nikimwamkia kijana wangu yaenda vyema. Nikianza tu kumuuliza habari za mkewe na watoto, yakata."

"Bi mkubwa, simu ni nzima. Asubuhi hii nimeijaribu kwa mkono wangu."

"Umeijaribu ukasema nini?"

Fundi mkuu akajibu kwa unyofu kwamba husema haloo, wanipata, nakupata, ahsante. Bibi akamtazama kwa huruma, kama mtu amtazamavyo mgeni aliyeingia nyumbani na kutoka bila kuketi, akasema kwamba hayo si mazungumzo.

Mpimaji anayechokoza huuliza swali analolijua yeye, naye hana la kumwambia mtu aliye Maskati. Simu yake ya majaribio huisha kabla ya robo ya dakika, kwa sababu hakuna mkwe wa kuulizwa hali wala mjukuu wa kuombewa dua. Ugonjwa uliokuwa ukizikata simu za bibi yule ulihitaji mtu mwenye maneno mengi ili uonekane, na maneno mengi hayatungiki ofisini asubuhi. Tungeweza kurefusha simu za majaribio, nasi baadaye tulizirefusha, lakini hapo tungekuwa tumejifunza kuchokoza kosa moja tulilokwisha kuambiwa, na makosa ambayo bado hayajapata bibi wa kuyasemea yangebaki yalipo.

Ndipo tulipoamua kutazama. Swichi ya mtandao ilikuwa na mlango ambao, ukiamriwa, hutoa nakala ya kila pakiti inayopita katika milango mingine. Tukaunganisha kompyuta moja kuukuu katika mlango huo, tukaweka ndani yake programu ya Wireshark, ambayo hadi mwaka 2006 ilikuwa ikiitwa Ethereal na mafundi wengi walikuwa bado wakiiita hivyo, tukaiacha ikusanye tangu alasiri mpaka baada ya isha, saa ambazo watu wa mji wetu hupenda kuzungumza na walio mbali. Kompyuta hiyo haikuwa na ruhusa ya kupeleka hata pakiti moja. Kazi yake ilikuwa kusikia, na kuipiga kila pakiti muhuri wa wakati ilipoisikia.

Hebu msomaji aitazame simu moja kama tulivyoiona. Mwito unatoka kwetu. Nusu sekunde inapita, na mwito uleule unatoka mara ya pili, kwa kuwa jawabu la 100 bado liko angani. Muda mdogo baadaye jawabu linawasili, na marudio yanakoma. Huko mbali simu inalia, mtu anaipokea, na jawabu la 200, ambalo ni la kukubali, linatufikia. Papo hapo seva yetu inapeleka ACK, yaani ishara ya kwamba kukubali kwao kumesikiwa. Nusu sekunde, na 200 ileile inakuja tena. Sekunde moja, na inakuja tena. Sekunde mbili, kisha nne, kisha nne, kisha nne, mpaka marudio yanafika 10. Na inapotimia sekunde ya 32 tangu kukubali, upande wa pili unapeleka BYE, na simu inakatwa katikati ya sentensi ya mtu. Husuda ya simu ikawa imepata namba.

Maana yake ilisomeka bila tabu: upande wa pili ulikuwa hauipati ACK yetu, ukarudia kukubali kwake kama waraka unavyoamuru, na muda ulipokwisha ukakata simu, pia kama waraka unavyoamuru. Mashine zote mbili zilitii sheria. Kaida ya kwanza tuliyokuwa tumeiandika, kwamba kila 200 sharti ifuatwe na ACK, ilitimizwa katika kila simu, kwa kuwa ACK zilitoka kwetu bila kukosa; na mtazamaji asiye na saa angeziandika simu zote kuwa zimefaulu. Kaida ya pili, kwamba 200 isirudiwe baada ya ACK kutoka, ingetutia hatarini upande mwingine, maana kwa njia ndefu ya setilaiti hata simu yenye afya kamili hurudia 200 mara moja, ACK ikiwa bado safarini. Ilitubidi tuandike kaida ya tatu, yenye wakati ndani yake: kwamba 200 isionekane tena baada ya kupita sekunde moja tangu ACK itoke. Kwa kaida hiyo simu nzima zilijitenga na simu gonjwa, na simu gonjwa zote zikawa zimepitia mashine moja kati ya mashine kadhaa za mshirika wetu.

Sababu ilikuwa ndogo, kama kawaida ya sababu. Katika jawabu la 200 mashine huandika anwani ambayo ingependa kuandikiwa tangu hapo, na mashine ile iliandika anwani yake ya ndani, mojawapo ya zile zinazoanza na 10, ambazo hazipitishwi katika njia kuu za intaneti. ACK zetu zilikwenda kwa utiifu mahali ambapo hapafikiki. Mshirika alisema mashine zake zote zimepimwa. Hatukubishana naye. Tulimpelekea mapito ya simu za jioni moja, kila pakiti na muhuri wake, na siku chache baadaye anwani ikawa imesahihishwa.

Baada ya hapo nilianza kuwasoma wataalamu, nikaona kwamba tuliyoyafanya kwa shida yalikuwa na elimu yake. Mwaka 1997 David Lee na wenzake wa Bell Labs walieleza jinsi ya kugundua kosa la mtandao kwa kuusikiliza tu. Mtazamaji, wasema, huanza kwa ujinga kamili: hajui mashine iko katika hali gani kati ya hali zote zilizoandikwa katika ramani yake, kwa hiyo huziweka zote mkononi; kila tukio linapopita huzitupa zile zisizoafikiana nalo, mpaka ibaki hali moja, ndipo anapojua mashine iko wapi; na siku mkono ukibaki mtupu, pasiwe na hata hali moja inayoafikiana na aliyoyasikia, basi mashine imetoka nje ya ramani, na kosa limepatikana. Nilipoisoma hoja hiyo niliipenda kwa heshima yake, maana haimtaki mtazamaji ajidai kujua alichokuwa hajakijua. Rajeev Alur na David Dill walikuwa wamekwisha kutunga, katika andiko lao la mwaka 1994, ramani ambazo ndani yake mna saa, zenye kusema tukio hili haliruhusiwi kabla ya muda fulani wala baada ya muda fulani. Na miaka ileile tulipokuwa tukihangaika na simu za Maskati, watafiti wa Madrid, César Andrés, Mercedes Merayo na Manuel Núñez, walikuwa wakiziunganisha habari hizo mbili, kutazama na saa, kuwa kitu kimoja.

Jambo lililonikaa moyoni kuliko yote katika elimu hiyo ni hali ya kimya. Mtazamaji aliyeona ombi likienda na asione jawabu, aseme nini? Ikiwa kaida yake ni kwamba jawabu litakuja, bila kutaja lini, hawezi kumshitaki mtu milele. Hata angengoja mwaka, mshitakiwa atasema jawabu li njiani. Kaida isiyo na muda haivunjiki kwa kimya. Ipe muda, hata uwe mrefu, iseme jawabu litakuja kabla ya sekunde 32, na kimya kinageuka ushahidi pale sekunde ya 32 inapopita. Watu wa pwani hawana haja ya kufundishwa haya na Bell Labs, kwa kuwa wamekwisha kuyaishi kila mwaka katika kuuandama mwezi: jioni ya siku ya 29 ya Shaabani watu husimama ufukoni wakitazama magharibi, na wingu likiwa zito shahidi hasemi kwamba mwezi haupo, husema hakuuona, hukumu hubaki haikukatwa usiku ule, lakini kwa kuwa mwezi hauzidi siku 30, zikitimia thelathini watu hufunga bila kuona kitu. Ukomo wa siku ndio uliohukumu pale ambapo jicho lilishindwa.

Kwa hiyo katika jedwali letu tuliacha kuandika hukumu mbili, tukaandika tatu: imefaulu, imeanguka, na haijulikani. Hii ya tatu iliwachukiza wakubwa, ambao walitaka kila mstari uwe na rangi ya kijani au nyekundu, na mmoja wao aliwahi kuniuliza ni faida gani kumlipa mshahara mtu anayeandika kwamba hajui. Lakini kompyuta yetu ilianza kusikia alasiri, ilhali simu nyingine zilikuwa zimeanza kabla yake. Tuliisikia 200 ambayo mwito wake hatukuusikia, na ACK ambayo hatukujua yajibu nini. Kuziita simu hizo zimeanguka kungekuwa dhuluma, na kuziita zimefaulu kungekuwa uongo. Vivyo hivyo kwa simu zilizokuwa zikiendelea tulipokizima chombo. Na hata ile hukumu ya kufaulu sharti isomwe kwa hadhari, maana haisemi mfumo ni mzima. Yasema tu kwamba katika yale yaliyopita mbele ya macho yetu hatukuona kaida ikivunjwa, na yasiyopita hatuyazungumzii.

Suala la saa lilitufundisha adabu zaidi. Mshirika wetu, alipokwisha kuamini kwamba sisi si wachokozi, alikubali kutuletea mapito yaliyorekodiwa upande wake, ili tuyalaze pamoja na yetu na kuifuata simu moja tangu mwanzo hadi mwisho. Tulipoyalaza pamoja tuliona miujiza: katika simu kadhaa jawabu lilikuwa limefika Mombasa kabla halijaondoka Ulaya. Saa zetu zilikuwa hazipatani. Zote mbili zilirekebishwa kwa NTP, itifaki ya David Mills ambayo maelezo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1985, nayo ni kazi ya hikima kubwa. Lakini NTP huchukulia kwamba njia ya kwenda na njia ya kurudi zina urefu sawa, na pale zinapotofautiana kosa la saa huwa nusu ya tofauti hiyo. Foleni zetu za kuteremka zilikuwa ndefu kuliko za kupanda, hasa jioni, na saa yetu ikavutwa upande mmoja. Leslie Lamport alikuwa amekwisha kuonya mwaka 1978 kwamba mpangilio wa matukio katika mashine zilizotengana haupatikani kwa kusoma saa za ukutani. Lililo yakini ni kwamba barua haipokewi kabla ya kupelekwa, na mpangilio mwingine sharti ujengwe juu ya hapo. Tangu siku hiyo sharti la wakati tulilipima kwa saa moja, mahali pamoja, kati ya pakiti iliyotoka na pakiti iliyoingia hapo hapo. Saa hiyo hata ikiwa imepotea kwa dakika nzima, tofauti kati ya mihuri yake miwili hubaki ya kuaminika.

Lakini kila faida ina deni lake, na aliyeko Mombasa akipima kwa saa yake hupima pia safari. Lile sharti la sehemu ya tano ya sekunde, ambalo mpokeaji wa mwito anapaswa kulitimiza, hatukuweza kumhukumia mshirika wetu hata siku moja, kwa kuwa mwanya tuliouona kati ya mwito na jawabu la 100 ulikuwa na nusu sekunde ya mbingu ndani yake, na foleni juu yake, na kazi ya mashine yake chini kabisa, pasiwe na namna ya kuzitenganisha. Fundi kijana mmoja wa kwetu alitaka tutoe nusu sekunde kwa hesabu na kumshitaki kwa kilichobaki. Nilikataa, kwani kilichobaki kilikuwa dhana yetu kuhusu foleni, na dhana ya mpimaji haina haki ya kusimama mahakamani pamoja na muhuri.

Mara nyingi nimeufikiria katika mambo haya mkasa wa Dhahran. Mwezi Februari 1991, katika vita vya Ghuba, betri ya makombora ya Patriot iliyowekwa Dhahran, Saudi Arabia, ilikuwa imewashwa mfululizo kwa zaidi ya saa 100. Mfumo wake ulihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde, na moja ya kumi haiandikiki kwa ukamilifu katika hesabu ya sifuri na moja inayotumiwa na kompyuta. Kilichokatwa kilikuwa kidogo mno, lakini kilirundikana, hata baada ya saa 100 kosa likafika sekunde 0.34, na mahali ambapo rada ilitazamia kulikuta kombora la adui pakahama mita 687. Tarehe 25 kombora la Scud likapita bila kuzuiwa, likaangukia kambi, wakafa askari 28 wa Kimarekani. Watu hukisimulia kisa hiki kama kisa cha hesabu. Kwangu ni kisa cha kutazama pia, kwa sababu tarehe 11 ya mwezi uleule Waisraeli, waliokuwa wakiutumia mfumo huohuo, walipeleka takwimu zilizoonyesha mahali pale pakihama kwa asilimia 20 baada ya saa 8 tu za kazi. Ilhali majemadari wa Kimarekani walikuwa na vinasa-takwimu, wakaamua wasivitumie kwa kuogopa kwamba vingeweza kuuzima mfumo bila kutarajiwa. Hofu hiyo siidharau. Mtazamaji anayeweza kumwangusha anayetazamwa si mtazamaji, na ndiyo maana tulikinyima chombo chetu kinywa tangu mwanzo. Lililonishangaza ni onyo lililopelekwa kwa watumiaji tarehe 21, kwamba kuuwasha mfumo kwa muda mrefu sana kunaweza kuleta upotovu. Halikutaja muda mrefu sana ni saa ngapi. Programu iliyosahihishwa iliwasili Dhahran tarehe 26.

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya kazi hii hulipita upesi, nami siwezi kulipita. Asikilizaye husikia zaidi ya anachokihitaji. Katika SIP maneno ya kupanga simu hupita mbali na sauti za wazungumzaji, na chombo chetu kiliamriwa kuchukua yale ya kupanga peke yake, sauti hatukuzigusa. Hata hivyo maneno ya kupanga yanajua nani amempigia nani, saa ngapi usiku, na kwa muda gani, na katika mji wenye majirani wa karibu kama wetu habari hiyo yatosha kuvunja nyumba. Tulizifuta tarakimu za mwisho za kila namba kabla ya mtu yeyote kuyasoma mapito, na wafanyakazi wawili walioona jambo hilo kuwa la kujisumbua bure waliondolewa katika kazi ya kutazama. Kwangu hiyo ni amana, na sioni tofauti yake na amana ya daktari.

Mwaka 2009 mambo yalibadilika. Mwezi Juni mkonga wa TEAMS ulifikishwa Mombasa kutoka Fujairah, na mwezi Julai ule wa SEACOM ukaanza kazi. Safari ya mbinguni ikawa historia, na muda wa kwenda Ulaya na kurudi ukashuka chini kabisa ya ile nusu sekunde. Majawabu ya 200 yaliyokuwa yakija mara mbili mbili yakaja mara moja. Sote tulifurahi, ila chombo chetu cha kutazama kikawa kimepitwa na wakati usiku mmoja bila mtu kukigusa. Tulikuwa tumeiongeza T1 ya seva yetu mpaka sekunde moja na nusu, kama waraka unavyopendekeza kwa njia ndefu, na sasa pakiti moja ikipotea njiani mteja alingoja sekunde moja na nusu bure kabla mwito haujarudiwa. Kaida zetu nazo, zilizokuwa zimepanuliwa ili zisiwadhulumu watu wa setilaiti, zilikuwa pana kiasi cha kuipitisha mashine iliyokuwa ikisinzia kwa zaidi ya nusu sekunde katika kila jawabu, nayo ikaandikwa imefaulu kwa wiki nyingi.

Fundi kijana, ambaye sasa alikuwa amekomaa na mwenye hoja, alitaka tuziondoe namba zote za mkono, tukiache chombo kijifunze chenyewe kutokana na mapito ya wiki iliyopita muda wa kawaida ni upi, kisha kishitaki kila kinachouzidi. Mimi nilisema kwamba sheria iliyotungwa kwa kumtazama mshitakiwa itamsamehe mshitakiwa mvivu, mradi awe mvivu kila siku. Yeye akanijibu, na sikuwa na la kumpinga, kwamba hata nusu sekunde ya waraka ni kadirio la watu waliokuwa wakiutazama mtandao wao wenyewe, na mtandao huo haukuwa wetu. Tulibishana jioni nyingi. Mwishowe kila kaida ikapewa namba mbili: moja kutoka katika waraka au mkataba na mshirika, ambayo ikivunjwa huandikwa hukumu, na nyingine kutoka katika mapito ya wiki iliyotangulia, ambayo ikivunjwa huandikwa onyo tu, na pembeni mwa kila namba pakaandikwa mahali chombo kilipokuwa na saa iliyotumika. Namba za onyo alizishika yeye, na hadi nilipoiacha kampuni ile alikuwa akizipitia kila mwezi. Namba za hukumu zilibaki kwangu, na ile ya sekunde 32 sikuigusa.